Kulinda Mali ya Chama dhidi ya Kutu

Katika ghala la chama cha msingi, adui wa mali si mwizi na mchwa peke yao. Kutu nayo hula usiku na mchana, wala haina kelele. Bati likitoboka wakati wa kiangazi hakuna anayejali. Mvua za Novemba zikianza, mbolea ya wanachama hulowa na kuganda kabla haijafika shambani. Mbolea imeharibika, lakini deni lake halipungui.

Kutu ni nini? Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Chumvi zilizomo katika mbolea huzidisha madhara hayo, kwa kuwa huvuta unyevu na kuugandamiza juu ya chuma. Kwa hiyo kazi ya rangi au grisi ni kutenga: chuma upande mmoja, maji na hewa upande mwingine. Zinki inayopakwa juu ya mabati hufanya zaidi ya hapo. Bati likikwaruzwa, zinki ndiyo huliwa kwanza na chuma husalimika. Zinki ikiisha, madoa mekundu huanza kuonekana.

Nguvu ya kinga hiyo ilithibitika huko Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo vilipita vipande vya meli iliyojengwa Ujerumani, ikaunganishwa upya Kigoma na kuitwa Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mto unaopokea pia maji ya mto Ugalla. Lakini kwanza wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikutwa ingali yafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikahudumia watu wa ziwa kwa miongo mingi. Grisi iliyopakwa kwa wakati wake iliokoa mitambo chini ya maji.

Chama kisicho na meli kina mabati, milango ya chuma, mizani na matangi. Kazi ya kupaka rangi ifanywe kati ya Juni na Septemba, chuma kikiwa kikavu. Kwanza kutu yote iliyolegea ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, kisha vumbi na mafuta vifutwe. Rangi iliyopakwa juu ya kutu hubambuka, na fedha ya chama hubambuka pamoja nayo. Baada ya hapo ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo zifuate rangi mbili za juu. Bati jipya linalong'aa halishiki vema rangi ya mafuta ya kawaida; litafutiwe rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa mabati. Misumari na maungio yaangaliwe kwa makini, maana ndipo kutu huanzia.

Mifuko ya mbolea ipangwe juu ya vichanja, mbali na kuta za bati na mbali na mizani. Mizani iliyoshika kutu huweza kupima vibaya, na hapo mwanachama hupoteza imani kwa chama chake.

Kwa vyama vya wafuga nyuki onyo ni kubwa zaidi. Asali ina asidi, na ikiwekwa katika pipa lenye kutu huharibika rangi na ladha. Pipa liwe na utando wa ndani unaofaa kwa chakula. Rangi ya kawaida isipakwe kamwe ndani ya pipa la asali wala tangi la maji ya kunywa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri ya kila chama ikague mabati, milango na mizani kila mwaka kabla ya mvua, iandike lililoonekana na tarehe ya kupakwa rangi, na itenge fedha ya kazi hiyo katika makisio yake. Kopo la rangi hununuliwa mara moja kwa miaka kadhaa. Ghala lililooza hulipiwa na kila mwanachama.