Kabla ya Kuchimba Bwawa la Samaki, Pimeni Udongo

Kikundi kikiamua kufuga samaki, swali la kwanza huwa, "Vifaranga vya ngege tutapata wapi?" Swali ni zuri, lakini linakuja mapema. La kwanza ni hili: je, chini ya bwawa patashika maji?

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15, kipimo kilichotumiwa na serikali yetu katika mpango wa mabwawa ulioanza mwaka 2009. Ukilichimba kwa kina cha mita moja, utatoa udongo wa wilibaro zaidi ya 3,000. Hiyo ni kazi ya jembe na mgongo. Bwawa likivuja baada ya jasho hilo lote, wanachama hukata tamaa, na kuwarudisha kazini si rahisi.

Udongo gani unafaa?

Unaofaa ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga kidogo. Mchanga mtupu, kokoto na maram hupitisha maji. Udongo mweusi wa pamba hushika maji, lakini ukikauka hupasuka nyufa kubwa, kwa hiyo bwawa lake lisiachwe likauke. Kina mama wanaofinyanga vyungu wanajua mfinyanzi uko wapi. Waulizeni.

Jaribio la kwanza: tonge

Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi. Chukueni konzi ya udongo wa chini, ulowesheni kidogo, mfinyange tonge. Lirusheni juu kiasi cha futi mbili na mlidake. Likivunjika, udongo huo haufai. Likibaki zima, huenda unafaa, lakini msianze kuchimba bado.

Jaribio la pili: shimo

1. Asubuhi chimbeni shimo la kufika kiunoni.
2. Lijazeni maji mpaka juu.
3. Jioni mtaona maji yamepungua. Msiogope, udongo mkavu hunywa kwanza. Jazeni tena.
4. Funikeni kwa matawi yenye majani, na mweke alama watoto na mifugo wasitumbukie.
5. Kesho yake asubuhi angalieni. Kama maji mengi bado yapo, hapo panafaa. Kama yamekwisha, hapafai.

Msipime mahali pamoja tu. Pimeni katika pembe zote nne na katikati, kwa sababu udongo hubadilika hata katika shamba dogo. Shimo moja liende futi mbili chini ya pale bwawa litakapoishia, mwone kama hakuna mchanga uliojificha. Tena fanyeni kazi hii wakati wa kiangazi. Masika maji ya ardhini hupanda yenyewe ndani ya shimo, mkadhani udongo ndio unaoyashika.

Je, udongo ukikataa?

Lililo rahisi ni kutafuta mahali pengine. Kama shamba ni hilo hilo, leteni mfinyanzi kutoka kwingine. Tandazeni tabaka jembamba, lowesheni, shindilieni, kisha ongezeni lingine, mpaka unene ufike kama futi moja, chini na kwenye kingo pia. Msipunguze. Ngege dume huchimba viota chini ya bwawa wakati wa kuzaana, na tabaka jembamba atalitoboa. Njia nyingine ni kutandika karatasi ya plastiki ya mabwawa. Hiyo hushika maji vizuri, lakini ni ya kununua, na jiwe au jembe likiichana maji yatatoka.

Majaribio haya hayahitaji pesa. Yanahitaji jembe, madebe ya maji, siku moja na usiku mmoja. Katika mkutano wenu ujao chagueni watu watatu wa kupima, na siku ya kuchimba isipangwe mpaka walete jibu.