MASHINI YA KUSAFISHA TAPI YA BURO: MAMA, CHAGUA KWA AJILI YA KIFUA CHAKO

Mama, kama kazi yako ni kusafisha buro, soma hapa polepole. Wamama wengi wanaoleta watoto kupimwa uzito wametoka kwanza, asubuhi mapema, kufagia kwenye banki, kwenye shirika ao kwenye buro ya serikali. Wanafika na kikohozi, macho mekundu, mugongo unauma. Wanasema: ni malaria. Pengine ni malaria kweli, na damu itapimwa. Lakini pengine ni tapi.

Tapi ni sawa nguo nene iliyotandikwa chini. Kila kiatu kinacholeta vumbi, tapi inaikamata na kuificha. Kule Goma ni ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano. Lubumbashi ni vumbi nyekundu ya wakati wa kiangazi. Bukavu ni matope ya mvua, yakikauka yanakuwa vumbi vilevile. Tena ndani ya tapi munakaa vidudu vidogo sana, macho hayavioni. Vinakula vipande vya ngozi vinavyotoka kwenye mwili wetu kila siku. Haviumi mutu, lakini mavi yao yakiingia kwenye pumzi yanaamusha pumu, ile watu wanaita asma.

Sasa wewe unachukua fagio. Taka kubwa inasogea, lakini vumbi laini inapanda juu, inaingia kwenye pua yako na ya mutoto uliyembeba mugongoni. Kiisha inashuka tena pale pale. Umefanya kazi, na tapi bado ni chafu. (Wengine wanasema vumbi hiyo inaleta kifua kikuu. Hapana. Kifua kikuu kinatoka kwa mutu mwenye ugonjwa akikohoa. Vumbi inaumiza kifua kwa njia yake nyingine.)

Hata ile mashini ndogo ya kunyonya vumbi, aspirateri, ilitoka kwa mutu wa kazi hii hii. Mwaka wa 1907, huko Canton katika jimbo la Ohio, Marekani, kulikuwa mufagiaji wa duka kubwa, jina lake James Murray Spangler. Alikuwa na pumu, na vumbi ya matapi ilimuzidisha. Alitwaa moteri ya feni, muti wa fagio na foronya ya muto, akazifunga pamoja: feni inavuta, foronya inashika vumbi. Mwaka wa 1908 alipata haki ya mashini hiyo, kiisha akaiuza kwa William Hoover, na jina Hoover likaenea dunia yote. Basi mutu akikuambia mashini ni mambo ya wakubwa, mwambie habari ya yule mufagiaji.

Siku patroni wako anataka kununua mashini, ao ninyi wamama munakusanya feza ya likelemba kununua moja ya kufanyia kazi buro nyingi, musiangalie rangi na ukubwa. Kuna mashini mbili, na kazi zao si moja.

Ya kwanza ni aspirateri, ya kunyonya vumbi kavu. Hii ndiyo ya kila siku, na kama feza inatosha moja tu, nunua hii. Uliza mambo mawili: mufuko na filitre. Aspirateri mbaya inavuta vumbi mbele na kuitapika nyuma, kwenye uso wako. Washa mashini, weka mukono pale hewa inapotoka: ukisikia harufu ya vumbi, iache. Filitre nzuri kuliko zote imeandikwa HEPA. Hiyo inakamata hata vumbi laini sana, zaidi ya 99 kwa 100. Mufuko wa kutupa ni bora kuliko kopo ya kumwaga, kwa sababu ukimwaga kopo vumbi inaruka tena. Lakini uliza kwanza kama mifuko ile inauzwa katika muji wenu. Isipopatikana, watu wanapasua mufuko wa zamani, wanaukung'uta, wanaurudisha na matundu yake, na hapo mashini inatupa vumbi nje sawa fagio. Kama hakuna mifuko, chukua ya kopo, umwage inje, upepo ukiwa nyuma yako, kitambaa kwenye pua, watoto mbali.

Ya pili ni ya kuosha. Hapa njo wengi wanadanganywa. Kuna mashini yenye burushi ya kuzunguka: inasugua sabuni, povu linapanda, tapi inapendeza macho, lakini maji yanabaki ndani. Nyingine inamwaga maji na sabuni, na papo hapo inayanyonya na kuyarudisha, meusi, katika tanki ya pili. Nunua hii ya tanki mbili.

Sababu ni nini? Tapi iliyolowa inapaswa kukauka mbele ya siku moja, ikizidi sana siku mbili. Ikipita hapo, ukungu unaota chini yake, sawa ule unaoota juu ya mukate wa zamani. Hauuoni, lakini unasikia harufu. Mwenye pumu anaanza kupiga filimbi kifuani, na patroni anasema tapi ni ya zamani, kumbe ilioshwa vibaya. Kwa hiyo usioshe Ijumaa jioni na kufunga madirisha mpaka Siku ya Kwanza. Osha Posho asubuhi, madirisha wazi, siku ya jua.

Mujaribu mashini mbele ya kutoa feza. Mutie litre 5 za maji safi, muoshe kipande cha tapi, kiisha mupitishe mashini mara mbili bila kumwaga, kunyonya tu. Mumwage tanki ya maji machafu ndani ya ndoo, mupime. Yakirudi karibu yote, nguvu yake ni nzuri. Ikirudi nusu, ile nusu nyingine imebaki chini ya miguu yenu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwende kwa mwingine.

Uzito, mama. Litre moja ya maji ni kilo moja. Mashini ya tanki ya litre 30, ikijaa, ni kilo 30 za maji, bila kuhesabu chuma na moteri. Nani ataipandisha gorofa ya tatu? Chukua ya litre 10, yenye magurudumu makubwa na mupira wa kutolea maji chini, usipaswe kuinua na kupindua. Kama uko na mimba, usiinue tanki iliyojaa hata mara moja. Omba mulinzi wa buro akusaidie, ao umwage kidogo kidogo.

Umeme. Kwetu ni volti 220. Soma kibamba nyuma ya mashini: ikiandikwa 110 ao 120, imetoka Marekani, ukiichomeka inaungua siku ile ile. Za okazio kutoka Ulaya zinakubali umeme wetu, lakini angalia waya kama haukukatika. Maji na umeme havipatani: viatu vya mupira, mikono mikavu, na prizi yenye waya wa udongo. Moteri ikianza inakula umeme kupita namba iliyoandikwa, kwa hiyo gurupu ndogo inaweza kushindwa. Na gurupu ikae inje, mbali na madirisha. Moshi wake uko na sumu isiyo na harufu, inaua mutu kama anasinzia.

Sabuni iwe kidogo. Wamama wengi wanatia nyingi wakifikiri ndiyo usafi, lakini inayobaki ndani inanata na kukamata vumbi mupya. Juma linalofuata tapi ni chafu kuliko mbele. Javel usiitie, inaharibu rangi. Na usichanganye kamwe javel na siki, wala na dawa ya choo, wala na amoniaki: gazi inatoka pale pale na kuchoma mapafu.

Jambo moja la kumwambia patroni kwa heshima: buro ndogo, ya watu wengi wenye viatu vya matope, haihitaji tapi. Sakafu ya karo na kitambaa chenye maji inapita mashini zote, na haiombi filitre.

Kazi ikiisha, mwaga tanki zote mbili, osha ya maji machafu, ziache wazi zikauke, ama sivyo ukungu utaota ndani ya mashini yenyewe. Nawa mikono na uso, vaa kitenge kingine, kiisha nyonyesha. Mutoto asikae buroni wakati wa kazi; ubaki naye mama mukwe, dada ao jirani.

Ukisikia kifua kinafunga siku za kazi na kufunguka siku za kupumzika, sema hivyo kwa muganga, maana habari hiyo inamusaidia kujua dawa. Na kikohozi kikipita majuma mawili, hata kama unafikiri ni vumbi tu, kuja upimwe makohozi.