Kipimo cha Kinyama cha Titi: Maana ya Jibu la B3

Akina mama na akina baba wa kambi, tunapenda kuwafafanulia jambo linalowatia wengi hofu.

Mama mwenye uvimbe kwenye titi hupewa rufaa. Hospitalini hupigwa ganzi, huchomwa sindano nene, na kinyama kidogo hupelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini. Kwa kambi za mkoani Kigoma, maabara hiyo yaweza kuwa mbali kama Bugando, Mwanza, basi majibu huchelewa.

Wengi hutazamia majibu mawili tu: kansa ipo, au haipo. Lakini baadhi ya maabara huandika herufi B na namba, 1 hadi 5. B2 maana yake uvimbe si wa kansa; B5 ni kansa. B3 iko katikati. Kansa haikuonekana, ila chembe hai si za kawaida, au uvimbe ni wa aina ambayo mara nyingine huwa na kansa pembeni yake.

Tafadhali msichanganye: B3 si "kansa hatua ya tatu". Hatua huhesabiwa kwa mgonjwa ambaye kansa yake imekwisha thibitishwa. Anayechungulia karatasi ya jirani na kumtangaza bombani anamfanyia ubaya mkubwa.

Kwa nini daktari asiseme moja kwa moja? Sindano ni kama bambo linalochomwa kwenye gunia la mahindi. Punje zilizotoka umeziona. Za upande wa pili hujaziona. Ndiyo maana mama huitwa tena. Daktari hulinganisha jibu na picha ya ultrasaundi na alichogusa kwa mkono. Aina nyingine hufuatiliwa tu. Nyingine, hasa zenye chembe zisizo za kawaida, mara nyingi huondolewa sehemu ile peke yake, si titi zima. Iko pia aina inayokua haraka. Hiyo hutolewa yote pamoja na nyama kidogo nzima inayoizunguka, la sivyo yaweza kurudi.

Aliyekutwa na chembe zisizo za kawaida ana hatari ya kansa karibu mara 4 kuliko wanawake wengine, hata baada ya kuondolewa. Wengi wao hawaugui, lakini apimwe kila mwaka.

Wanaosema sindano ndiyo inayoamsha kansa wanakosea; chembe hizo zilikuwepo kabla ya sindano. Wala usingoje maumivu, kwani kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.

Ukipewa B3, muulize daktari jina la aina yake, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Anayejiandaa kurudi nyumbani au kuhamia nchi ya tatu aombe nakala ya majibu kabla ya safari. Maabara huhifadhi kinyama ndani ya nta, na daktari mwingine anaweza kukisoma upya bila mama kuchomwa tena. Hutafutwa kwa namba ya kipimo iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu.