Kabla Hujapokea Ufunguo

Mimi ni afisa afya mazingira, na mazoea ya kazi hayaniachi hata nikiwa safarini. Nikionyeshwa chumba cha gesti, kabla sijatua begi huinua kona ya godoro. Siku moja pale Mikumi dada wa mapokezi alinikuta nimeinama hivyo. "Shikamoo baba. Kuna kitu umepoteza?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Hapana, naangalia kama kuna kunguni." Hakukasirika. Alishika upande wa pili, tukainua pamoja, akamulika mishono ya godoro kwa tochi ya simu yake, kisha maungio ya mbao za kitanda. Palikuwa safi. Nikalipa, nikajaza kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, nitokako, niendako. Usiku ule nililala vizuri.

Nasimulia haya kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu malazi ya Kilosa na Mikumi huanza na bei, halafu wanataka niwatajie jina la nyumba. Jina halisaidii sana. Wamiliki hubadilika, magodoro huzeeka, na ndani ya nyumba moja chumba namba 3 kinaweza kuwa kizuri na namba 7 kibovu. Bei nayo inasema machache. Nimekagua vyumba vya bei ya chini vyenye neti nzima na maji masafi, na vyumba vya bei mara mbili yake vyenye televisheni kubwa ukutani na dirisha lisilofunguka. Kinachoharibu usiku wa msafiri ni hewa, maji, wadudu na mahali nyumba ilipojengwa, na yote hayo unaweza kuyapima kwa dakika tano kabla hujatoa hela.

Tuanze na mahali. Kilosa ni mji wa reli. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapa kuelekea Kigoma ilikofika mwaka 1914, na mji ukakua kuizunguka. Mikumi, ambayo nayo iko ndani ya Wilaya ya Kilosa, ni mji wa barabara. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilomita 50 hivi, na ukitoka tu hifadhini ukitokea Morogoro, unaingia mjini. Hapo hapo ndipo inapochepuka njia ya Kidatu, Mang'ula na Ifakara. Wageni wa Mikumi ni madereva wa malori, watalii wa ndani, wanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA na ndugu wa wagonjwa wanaofuata hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kilosa hulala zaidi watumishi walio katika safari za kikazi, watafiti wanaokwenda kituo cha kilimo cha Ilonga na wanunuzi wa mazao.

Kwa hiyo "katikati ya mji" hapa na pale si kitu kimoja. Pale Mikumi maana yake ni ukingoni mwa barabara kuu, na malori hayalali. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na tangu hapo hata ule utulivu wa kati ya saa sita na alfajiri umepungua. Chumba kinachotazama barabara kitakuletea breki za upepo na honi mpaka asubuhi. Omba cha nyuma, hata kama ni kidogo zaidi. Ila usivutwe na bei ukaenda mbali sana pembezoni: mji unapakana na wanyama, na tembo hawaulizi mpaka uko wapi. Kama nyumba iko ukingoni, panga kuwa umefika kabla giza halijaingia, wala usitoke kwa miguu usiku kwenda kutafuta chakula.

Kilosa tatizo ni tofauti, na naomba msomaji anisikilize vizuri hapa. Mto Mkondoa unapita kando ya mji, na sehemu ya mji iko bondeni. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walihama makazi, wengi wakaishi kwenye mahema, na reli ikakatika. Ukiingia kwenye nyumba iliyo bondeni, tazama chini ya ukuta wa nje, hasa upande wa nyuma ambako rangi haipakwi mara kwa mara. Mstari wa udongo uliolala sawasawa kama uliochorwa kwa rula ni alama ya maji. Muulize mhudumu, "Maji yaliwahi kufika hapa?" Watu wa Kilosa hawafichi, watakuonyesha kwa mkono yalipoishia. Wakati wa kiangazi chumba hicho hakina ubaya. Wakati wa masika tafuta nyumba iliyoinuka, na ulipie tofauti ya bei bila kunung'unika.

Mafuriko yananipeleka kwenye maji ya kutumia. Maji yakifunika vyoo vya shimo na visima kwa pamoja, kilichokuwa chooni huingia kisimani, na uchafu huo haumaliziki siku jua linapotoka. Ya kuoga hayanisumbui sana. Ya kunywa na kupigia mswaki yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Tazama pia ndoo au pipa lililoko bafuni: lina mfuniko? Kopo linaning'inia juu au linaelea ndani? Kopo linaloelea limeshashikwa na kila mkono uliopita humo.

Sasa mbu, ambao kwa maoni yangu ndio jambo zito kuliko yote katika wilaya hii. Upande wa kusini wa Mikumi liko bonde la Kilombero, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imefanya miaka mingi ya utafiti wa malaria. Moja ya mambo yaliyobainika huko ni kwamba mbu aitwaye Anopheles funestus, hata pale anapokuwa mchache kuliko wenzake, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Huyu hupenda kuuma ndani ya nyumba, usiku mtu akiwa amelala, na akishiba hupumzika ukutani humo humo. Huingilia zaidi kwenye upenu, ule uwazi kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana nikiingia chumbani natazama juu kabla ya kutazama kitanda. Dari lipo? Limeziba hadi pembeni au kuna kona iliyofunguka? Madirisha yana wavu, na wavu huo umechanika?

Halafu neti. Karibu kila gesti inayo, na karibu kila mgeni huridhika akiiona imefungwa fundo juu ya kitanda. Ifungue. Ishushe yote, iinue mbele ya taa, utaona matundu. Kisha pima jambo ambalo wengi hawalijui: ukubwa. Vitanda vyetu tunavitaja kwa futi, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Mara nyingi mwenye gesti amebadilisha kitanda akaweka cha tano kwa sita au sita kwa sita, lakini neti imebaki ile ya nne kwa sita. Neti hiyo haifiki chini ya godoro. Unaivuta, inakaza, inalala juu ya goti na kiwiko chako, na mbu anakuuma kupitia kitambaa bila haja ya kuingia. Nimeona watu wameamka na mstari wa alama za kuumwa mkono mmoja, wakailaumu dawa ya neti kumbe kosa ni kipimo. Neti nzuri huchomekwa chini ya godoro pande zote na bado hulegea. Ikiwa ni fupi, omba nyingine au omba chumba chenye kitanda kidogo. Mimi husafiri na yangu, haizidi uzito wa shati.

Feni inasaidia, kwa kuwa mbu huruka kwa shida kwenye upepo, lakini umeme ukikatika saa nane usiku feni inasimama na neti inabaki. Kuhusu dawa ya kupuliza, mwambie mhudumu apulize mapema jioni, mlango ufungwe, kisha madirisha yenye wavu yafunguliwe hewa ibadilike kabla hujaingia kulala.

Kunguni hawaambukizi malaria, na hilo lisemwe wazi, maana watu huwaogopa kuliko mbu. Madhara yao ni muwasho, usingizi kukatika na, baya zaidi, kukufuata nyumbani. Mdudu huyu hukaa miezi bila kula, amejibana kwenye mshono wa godoro, tundu la msumari au nyuma ya ubao wa kichwani. Utamtambua kwa vidoa vyeusi kama alama za ncha ya kalamu, vilivyokusanyika kwenye kona. Ukiviona, usikubali kubadilishiwa shuka. Badilisha chumba, tena kisiwe cha jirani. Begi usiliweke kitandani wala chini ya kitanda, litundike au liweke juu ya kiti. Ukifika nyumbani na una wasiwasi, nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto, zile zisizochafuka pia. Wauza dawa watakuambia puliza tu, lakini kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa za kawaida, ilhali joto hawajalizoea.

Siku hizi familia nyingi huniuliza kuhusu nyumba za kupanga kwa siku zenye sebule na jiko, zile ambazo Dar es Salaam zinaitwa apatimenti. Zina faida kweli, ila hesabu yake ifanywe kwa kalamu. Chukua mfano wa watu watano. Vyumba viwili vya gesti vya shilingi 25,000 ni 50,000 kwa usiku. Nyumba nzima ya 80,000 inaonekana ghali kwa 30,000. Lakini watu watano wakila mgahawani mara mbili kwa sahani ya 5,000 ni 50,000 kwa siku, na wakienda sokoni wakanunua mchele, maharage, mchicha na nyanya, 15,000 inaweza kutosha. Nyumba imejilipa. Kwa mtu mmoja anayelala usiku mmoja ni hasara tupu, na hata kwa familia usiku wa kwanza haulipi sana kwa sababu mnanunua mafuta, chumvi na sabuni mtakavyoviacha. Nawashauri watu wapange nyumba wakikaa siku mbili au zaidi, hasa wanaouguza ndugu hospitalini, maana mgonjwa naye anahitaji uji uliopikwa na mtu wake.

Jiko hilo likaguliwe kama godoro. Mtungi wa gesi unafaa kukaa nje, mpira ukipita ukutani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Aliyesimama huchelewa kuisikia, na aliyelala kwenye mkeka ndiye anayeivuta kwanza. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toka.

Na mkaa usiingie ndani. Nasema hili kwa uchungu wa mtu wa kazi yangu. Msafiri mwenye kubana matumizi hupika kwa jiko la mkaa kibarazani, mvua inanyesha, analiingiza chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka polepole hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma na usingizi, na mtu aliyechoka na safari hudhani ni uchovu. Hakuna bei ya chumba inayostahili hatari hiyo.

Mengine ni mafupi. Jaribu mlango ukiwa ndani, uhakikishe unafunguka bila kumtafuta mwenye funguo, kwa kuwa madirisha mengi yana nondo na moto hausubiri. Uliza saa ya kutoka. Gesti nyingi huhesabu siku mpaka saa nne asubuhi, na ukichelewa utadaiwa ya pili. Dai risiti. Chumba kikiwa kichafu, mwambie mwenye nyumba kwanza, na asipojali, nenda kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatupa mamlaka ya kuingia na kukagua, lakini hatuwezi kuwa kila mahali, na malalamiko ya mgeni mmoja yametufikisha mara nyingi penye tatizo.

Kitabu cha wageni nacho ukijaze kwa ukweli. Najua wapo wanaoandika majina ya uongo na namba za simu zisizopatikana. Ukizuka ugonjwa wa kuhara katika nyumba ile, kitabu hicho ndicho pekee kitakachotuwezesha kukutafuta.

Tena jambo moja, hata kama chumba kilikuwa kizuri na hukumbuki kuumwa na mbu. Malaria haionekani siku ile ile. Kwa kawaida huchukua siku 7 hadi wiki mbili au zaidi, wakati umesharudi Dodoma, Arusha au Nairobi na safari umeshaisahau. Homa ikikupata ndani ya mwezi mmoja baada ya kulala Kilosa au Mikumi, usinunue dawa dukani. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulilala wapi.