Simu Nzuri, Duka Moja

Aprili 8, 2012 iliangukia Jumapili ya Pasaka, na maduka mengi ya simu nchini Marekani yalikuwa yamefungwa. Ndiyo siku ambayo Nokia ilianza kuuza Lumia 900 nchini humo. Siku mbili kabla, Nicki Minaj alikuwa ametumbuiza Times Square jijini New York kuitangaza. Bei yake ilikuwa dola 99.99 kwa mteja aliyesaini mkataba wa miaka miwili, nusu ya bei iliyozoeleka kwa simu za hadhi yake. Umbo lake lilipendeza, kioo chake kilikuwa kikubwa kwa viwango vya wakati ule, na ilishika mtandao wa LTE. Ila Wamarekani waliweza kuipata kwa kampuni moja tu ya simu: AT&T.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda asione uzito wa jambo hilo mara moja. Kwetu mtu hununua simu Kariakoo au Luthuli Avenue, kisha huweka laini aitakayo, na wengi hubeba laini mbili kabisa ili wafuate ofa za vifurushi. Marekani ya miaka ile haikuwa hivyo. Simu ya dola 500 au 600 iliuzwa kwa dola 200 au pungufu, na tofauti ilibebwa na kampuni ya simu, ambayo ilijirudishia fedha zake kidogo kidogo kupitia bili ya kila mwezi. Aliyevunja mkataba katikati alilipa faini, na kwa Verizon faini ya simu janja ilifika dola 350. Tena Verizon na Sprint zilitumia teknolojia ya CDMA, huku AT&T na T-Mobile zikitumia GSM, hivyo kufungua simu ya kampuni moja hakukuhakikisha kwamba itafanya kazi kwenye kampuni nyingine. Aliyeamua simu gani iuzwe, kwa bei gani na ikae rafu ipi ni kampuni ya simu. Mtengenezaji alikuja kwake akibisha hodi.

Hesabu ya kuuza kupitia kampuni moja inafaa kufanywa polepole, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi mwingi hupita mbio. Chukua kwamba AT&T ilikuwa na takriban theluthi moja ya wateja wa nchi. Simu ikiuzwa huko peke yake, theluthi mbili ya soko imeshatoka kabla tangazo la kwanza halijarushwa. Katika theluthi iliyobaki, wengi wako katikati ya mikataba yao. Mikataba ya miaka miwili ikiisha kwa zamu, ndani ya miezi sita ni robo ya wateja hao ndio wanaofikia wakati wa kubadili simu. Robo ya theluthi ni sehemu moja ya kumi na mbili, yaani kama watu wanane katika kila mia. Hao wanane wanaingia dukani na kukuta iPhone na Galaxy zimepangwa pale pale, na muuzaji ambaye mwenyewe anatumia moja ya hizo mbili. Kabla hatujauliza kama Windows Phone, mfumo wa Microsoft ulioendesha Lumia, ulikuwa mzuri au mbaya, mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba kiasi hicho.

Mtu atauliza: mbona Apple nayo ilianza na AT&T peke yake, kuanzia Juni 2007 hadi Februari 2011, na haikufa? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha suala lote. Mwaka 2008, iPhone 3G ilipotoka, AT&T ilitangaza kwamba takriban asilimia 40 ya walioiwasha walikuwa wateja wapya kwake. Watu walihama kampuni ili waipate simu. Nguvu ilikuwa kwenye simu, na kampuni ya simu ililipia heshima ya kuwa karibu nayo. Kwa mfumo dhaifu mwendo unageuka: simu ndiyo inayotegemea wateja ambao kampuni imeshawakusanya. Hakuna aliyevunja mkataba wake wa Verizon na kulipa dola mamia ili apate simu ya Windows ambayo hakuna rafiki yake aliyekuwa nayo. Kipimo ni hicho tu. Kama mteja hawezi kuhama kwa ajili ya simu yako, kumpa muuzaji mmoja haki ya kuiuza peke yake ni kuwafungia nje wale wote ambao wangeinunua kama wangeikuta walipo.

Hata Apple ililipa gharama, ingawa kwa njia nyingine. Kwa miaka mitatu na zaidi Verizon, yenye wateja wengi na fedha nyingi, haikuwa na iPhone ya kuuza. Ikatafuta silaha, na Novemba 2009 ikaipata: Motorola Droid, iliyotumia Android, ikasukumwa kwa kampeni kubwa ya matangazo iliyoishambulia iPhone waziwazi. Haki ya pekee ya AT&T ndiyo iliyowapa washindani wake sababu ya kuilea Android. Ninaamini bila msukumo ule Android ingechukua muda mrefu zaidi kushika mizizi Marekani.

Aliyebanwa katikati ya ugomvi huo alikuwa mtengenezaji wa simu Palm. Kisa chake kinaniuma kuliko vyote, kwa sababu mfumo wake, webOS, ulikuwa umefikiriwa vizuri mno. Namna ulivyopanga programu zilizofunguliwa kama kadi, ukisukuma moja juu ili kuifunga, ilikuja kuigwa na karibu kila simu tunayoshika leo. Palm Pre ilionyeshwa Las Vegas Januari 2009 na watu wakaishangilia. Juni 6 ikaanza kuuzwa, kwa Sprint peke yake, kampuni ya tatu kwa ukubwa ambayo wakati huo ilikuwa ikipoteza wateja. Siku mbili baadaye Apple ikatangaza iPhone 3GS na kushusha iPhone 3G hadi dola 99. Palm ilipofika Verizon Januari 2010, ikiwa na Pre Plus, nafasi iliyoitarajia ilikuwa imekaliwa na Droid kwa miezi miwili na ushee. Katika robo mwaka iliyoishia Februari 2010, Palm ilipeleka madukani simu 960,000, lakini zilizowafikia wateja zilikuwa 408,000. Zaidi ya nusu zilibaki kwenye maghala. Aprili mwaka huo Palm ikakubali kununuliwa na HP kwa dola bilioni 1.2, na Agosti 2011 HP ikaachana na simu na tableti za webOS. Siku hizi mfumo huo unaishi kwenye televisheni za LG, zikiwemo zilizo kwenye sebule nyingi za Afrika Mashariki, na ni watazamaji wachache wanaojua ulizaliwa kuwa mfumo wa simu.

Nokia iliyaona yote hayo, kisha ikapita njia ile ile. Novemba 2012 simu yake bora, Lumia 920, ilikwenda AT&T peke yake. Wateja wa Verizon walipewa Lumia 822 na wa T-Mobile Lumia 810, simu za daraja la chini. Mei 2013 Verizon ikapata Lumia 928, ambayo kwa ndani ilikuwa karibu sawa na 920 ila kwa umbo na jina tofauti, kisha T-Mobile ikapata 925. Julai AT&T ikachukua tena peke yake Lumia 1020 yenye kamera ya megapikseli 41, na Februari 2014 Verizon ikachukua Lumia Icon. Kila simu ilihitaji tangazo lake, kava lake na majaribio yake ya kiufundi, na hata masasisho ya mfumo yalipitia mikononi mwa kampuni ya simu: walionunua Icon walisubiri toleo la 8.1 hadi mwanzoni mwa 2015. Mteja aliyesikia sifa za simu moja kwa jirani alifika dukani akaambiwa hiyo hatuna, tuna hii yenye namba nyingine. Samsung ilikuwa imejifunza somo hilo mapema. Galaxy S ya 2010 iliuzwa Marekani kwa majina tofauti kwa kila kampuni. Galaxy S III ya 2012 ilitoka kwa jina moja na sura moja kwa kampuni zote kubwa, na tangazo moja likazihudumia zote.

Madhara makubwa zaidi hayakuonekana dukani, yalionekana kwa watengenezaji wa programu. Hao huangalia mfumo una watumiaji wangapi kabla ya kuuandikia chochote, na watumiaji nao huangalia kama programu wanazozitaka zipo. Ukiwa na watu wachache, mduara huo unazunguka kuelekea chini. Instagram ilifika Android Aprili 2012. Windows Phone iliipata Novemba 2013. Snapchat haikufika kamwe. Jiografia nayo ilichangia, na wachambuzi wengi hawakulisema hili vya kutosha. Mwishoni mwa 2013 vipimo vya kampuni ya utafiti ya Kantar viliionyesha Windows Phone ikifika karibu asilimia 10 ya mauzo katika nchi tano kubwa za Ulaya, na Italia ikiwa juu ya hapo. Marekani haikufika nusu ya kiwango hicho. Ulaya ni soko kubwa, lakini vijana waliokuwa wakianzisha Instagram na Snapchat waliishi California, na walichokiona mikononi mwa wenzao ndicho walichokiandikia programu. Kubanwa Marekani kuliugharimu mfumo huo hadi Roma, na hadi Nairobi, ambako mwaka 2013 Microsoft na Huawei zilileta simu ya Windows kwa ajili ya Afrika chini ya mpango wa 4Afrika. Aliyeinunua hapa alirithi duka la programu lenye mapengo yaliyotokana na maamuzi ya maelfu ya kilomita kutoka kwake.

Tunao hata ushahidi wa upande wa pili. Katika robo ya tatu ya 2012, miezi michache baada ya shamrashamra za Times Square, Nokia iliuza Amerika Kaskazini simu 300,000 tu, za aina zote. Katika robo kama hiyo ya 2013 ilipeleka huko simu milioni 1.4. Simu ya kifahari ya muuzaji mmoja siyo iliyoleta ongezeko hilo. Sehemu kubwa ililetwa na Lumia 520 na ndugu yake 521, simu za bei ya chini zilizouzwa bila mkataba, kwa kampuni zaidi ya moja na hadi kwenye rafu za Walmart. Lumia 520 ndiyo ikawa simu ya Windows iliyouzwa zaidi duniani. Ilikuwa na kamera ya kawaida na haikuwa na taa ya mwako, lakini mtu aliweza kuikuta alipokuwa.

Sisemi mkataba wa muuzaji mmoja ndio ulioiua Windows Phone. Microsoft ilichelewa kuanza, na Juni 2012 ikatangaza kwamba simu zilizokwisha kuuzwa, Lumia 900 ikiwemo, hazitapata toleo la 8. Waliokuwa wameinunua Pasaka walijikuta na simu iliyoachwa nyuma kabla ya miezi mitatu. Wala Nokia haikuwa na nafasi pana ya kuchagua. Katika miaka yake ya utawala ilizikatalia kampuni za Marekani mambo mengi, ikapoteza soko hilo, na iliporudi ilirudi ikiwa muombaji. Kampuni ya simu inapomwambia muombaji kwamba itatoa ruzuku, fedha za matangazo na mafunzo kwa wauzaji, ila iuze peke yake, kukataa kunahitaji akiba ambayo Nokia haikuwa nayo. Fedha za matangazo zinaonekana leo, na hasara ya mgawo wa soko huja baada ya mwaka, kwenye kitabu cha mtu mwingine. Ilikuja kwenye kitabu cha Microsoft, ambayo Julai 2015 ilifuta dola bilioni 7.6 kutokana na biashara ya simu iliyoinunua kwa Nokia. Lumia 950 ya Novemba mwaka huo ikauzwa tena na AT&T peke yake miongoni mwa kampuni kubwa za simu, na safari hii ni kwa sababu nyingine zilikuwa hazina hamu nayo tena.

Suala hili halikuishia Marekani. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilitoa Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye 4G na mfumo wa KaiOS, kwa bei iliyokuwa chini ya shilingi 50,000. KaiOS uliingia soko baada ya soko kwa mgongo wa kampuni za simu, na aliyeubeba kuliko wote alikuwa Jio wa India: JioPhone ya 2017, iliyofanya kazi kwa laini ya Jio tu, iliufikisha mfumo huo mbele ya iOS nchini humo mwaka uliofuata. Mgawo mkubwa namna hiyo ulikuwa wa Jio zaidi kuliko wa KaiOS. Mwaka 2021 Jio ikatoa JioPhone Next yenye Android, na mwaka 2023 ikatoa JioBharat, simu ya vitufe isiyotumia KaiOS. Mfumo unaompoteza mnunuzi wake mkubwa unabaki na sauti ndogo mbele ya wenye programu, na mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la KaiOS. Kwa aliyenunua simu ya aina hiyo hasa kwa ajili ya WhatsApp, iwe Mbeya au Mwanza, namba kubwa za India hazikumsaidia kitu.