Mteja Akihama, Sifa Yake Hubaki kwa Nani?

Kampuni zinazomuuzia mteja yuleyule huduma ileile mara kwa mara, zikiwemo za ndege, hoteli, simu na meli za kitalii, humwekea mteja huyo daraja la uaminifu, yaani hadhi inayopanda kadiri anavyozidi kununua na inayomfungulia mapendeleo ambayo mgeni wa siku ya kwanza hayapati. Katika mpango wa Royal Caribbean, mojawapo ya kampuni kubwa za meli za kitalii duniani, abiria huhesabiwa pointi moja kwa kila usiku anaolala melini, na mbili akichukua chumba cha kifahari. Pointi 3 humwingiza daraja la Dhahabu, pointi 80 humfikisha Almasi, na daraja la juu kabisa hudai pointi 700, hesabu ambayo mtu anayesafiri wiki mbili kila mwaka katika chumba cha kawaida angeikamilisha baada ya nusu karne. Wasafiri wa aina hiyo hubishana iwapo kampuni shindani, inapopokea kwa mara ya kwanza abiria aliyekwisha kuwa Almasi kwingine, inapaswa kumtambua kwa hadhi hiyo au kumrudisha kwenye ngazi ya chini.

MSC Cruises imekuwa ikiitambua hadhi iliyopatikana kwa washindani wake, na sababu haiko mbali: kitanda cha melini kisicholaliwa leo hakiwezi kuuzwa kesho, na mtu aliyelala usiku themanini katika meli za wengine amekwisha kuthibitisha kuwa ana fedha, ana muda na haogopi bahari, hivyo kumpa kadi ya juu na kinywaji cha bure ni gharama ndogo kuliko kumtafuta mteja mpya kwa matangazo. Anayeumia ni mteja wa zamani wa kampuni inayopokea, ambaye huona foleni ya upendeleo ikijaa watu ambao hawakuwahi kuilipa kampuni hiyo hata senti moja. Hata hivyo, hakuna hoja nzito ya kuilazimisha kampuni yoyote kuitambua hadhi iliyopatikana kwingine, kwa kuwa mapendeleo hayo ni zawadi itolewayo na muuzaji kutoka mfukoni mwake, na jirani hana wajibu wa kulipa zawadi iliyoahidiwa na mwingine.

Shauri hubadilika linapotolewa baharini na kupelekwa Oldonyo Sambu, kata iliyo upande wa magharibi wa Mlima Meru, kandokando ya barabara itokayo Arusha kupitia Ngaramtoni kwenda Longido na Namanga. Huko hadhi ya mteja haipimwi kwa vinywaji vya bure. Mchuuzi wa mbuzi anayenunua mnadani hulipa kwa simu, na siku salio linapopungua anapokuwa amekwisha kukubaliana bei, hutegemea huduma kama Songesha ya Vodacom, inayokamilisha malipo kwa mkopo mdogo ambao hukatwa mara fedha zinapoingia kwenye akaunti. Kiwango anachoruhusiwa kukopa hupangwa na programu inayochunguza mwenendo wake, yaani fedha zinazopita katika laini yake na jinsi anavyorejesha. Anayelipa kwa wakati huweza kuongezewa, na anayesuasua hupunguziwa au hufungiwa. Baada ya miaka kadhaa kiwango hicho huwa mtaji halisi, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama atarudi nyumbani na mbuzi wawili au watano.

Mchuuzi huyo akihamia mtandao mwingine, tuseme kwa sababu mawasiliano ya mtandao wake ni hafifu katika kitongoji alikohamia, namba yake huweza kwenda naye. Tangu Machi 1, 2017, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mteja anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa sababu ilionekana kuwa watu walikuwa wakivumilia huduma mbaya kwa kuogopa kupoteza namba iliyokwisha kujulikana na wateja, ndugu na jamaa. Lakini muda wa maongezi uliosalia hauhami, fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu hutakiwa kutolewa kwanza, na kiwango cha kukopa hubaki nyuma pamoja na kumbukumbu zilizokijenga. Mtandao mpya humwona mtu huyo kama aliyenunua laini jana.

Kwa wakazi wa eneo hili, wengi wao wakiwa Waarusha na Wamaasai, hadhi isiyovuka mpaka ni jambo geni. Mfumo wa rika, ambao huwapanga wanaume katika makundi ya umri yanayopanda pamoja kutoka umorani hadi uzee, unatambulika nje ya kijiji na hata nje ya nchi. Mtu wa rika fulani kutoka Kajiado, Kenya, akifika ugenini upande huu wa Namanga, wenzake wa rika humpokea kwa cheo chake bila kumtaka aanze upya. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alionyesha jinsi mfumo wao wa rika ulivyoshikamana na ule wa Wamaasai. Hadhi hiyo huhama kwa sababu haimilikiwi na boma moja: wanaoishuhudia ni wengi, na kigezo cha kuipata ni kimoja kwa wote.

Vikundi vya kuweka na kukopa viko katikati ya hali hizo mbili. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ukaenea hadi Tanzania, ambako vinajulikana zaidi kama VICOBA. Wanachama hununua hisa katika kikao, hukopa hadi takriban mara tatu ya hisa zao, na katika vikundi vingi huhifadhi fedha na vitabu katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti ili lisifunguliwe ila mbele ya wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviingiza vikundi hivyo katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka visajiliwe. Lakini mwanamke aliyerejesha kila mkopo kwa miaka mitano Oldonyo Sambu, akihamia Longido, hufika kwenye kikundi kipya akiwa na neno la mdomo tu, labda simu ya mwenyekiti wake wa zamani, na mara nyingi hutakiwa kununua hisa kwa muda kabla ya kukopeshwa. Kikundi kipya hakifanyi hila. Kinalinda akiba ya wanachama wake dhidi ya mkopaji kisiyemjua bado.

Hapa ndipo mfano wa meli unapokoma kufaa. Hadhi ya mteja huchanganya mambo mawili ambayo yangepaswa kutenganishwa, yaani zawadi na ushahidi: chakula cha bure melini ni zawadi, ilhali kumbukumbu kwamba mtu alikopa na kurejesha kwa wakati ni ushahidi wa tabia yake mwenyewe, ulioandikwa tu katika daftari la mwingine. Kampuni za simu huweza kujibu kwamba ndizo zilizobeba hatari ya kumkopesha alipokuwa hajulikani, na kwamba namna ya kukokotoa kiwango ni siri ya biashara. Hoja ya pili ni ya haki, ila haigusi ushahidi wenyewe, kwa kuwa mshindani anaweza kupewa orodha ya mikopo na tarehe za marejesho bila kuonyeshwa kanuni ya hesabu, kisha akaamua mwenyewe atakopesha kiasi gani. Hoja ya kwanza ni dhaifu zaidi, kwani hatari hiyo ilikwisha kulipwa kwa ada na riba.

Njia ya kufuata imekwisha kuanzishwa. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, ambako kampuni zenye leseni huandaa ripoti za mikopo zinazosomwa na mkopeshaji yeyote anayehusika. Kenya, katika sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019, imempa mtu haki ya kuhamisha taarifa zake kutoka taasisi moja kwenda nyingine, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayompa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Kinachofaa kuongezwa ni kanuni inayoulazimu mtandao unaoachwa kutoa, kwa ombi la mteja, taarifa ya mikopo na marejesho ya walau miezi kumi na miwili, katika muundo mmoja unaosomeka na mitandao yote. Mwenye deni naye atahama na deni lake likiwa limeandikwa, na wanaodai haki hii hawana budi kulikubali hilo pia.