Lori Linalowaka Kisha Likazima: Kesi ya Injini Kuukuu kati ya Butembo na Beni

Injini ya lori ikiamka kwa sauti yake ya kawaida, ikanguruma sekunde kumi au ishirini, halafu ikasuasua na kuzima, imekwisha kutoa ushahidi mwingi. Betri ina nguvu, maana stata imezungusha mashine nzito. Pistoni na ringi zake zinabana hewa ya kutosha, maana moto umeshika. Nozeli zimefunguka, pampu ya injekta imesukuma, taimingi haijahama. Karibu kila kitu ambacho ni ghali kutengeneza kimejitetea ndani ya sekunde hizo. Linalobaki ni kutafuta kitu kilichokuwapo wakati wa kuwaka ambacho baadaye kimekosekana. Katika malori ya dizeli ya zamani kitu hicho mara nyingi ni mafuta yasiyo na hewa ndani yake.

Nalitanguliza hili kwa sababu haraka ya kufungua pampu ya injekta imeharibu injini nyingi nzima. Fundi akishika spana kabla ya kufikiri, tatizo la mpira wa bei ndogo huishia kwenye bili ya pampu nzima.

Na mahali penyewe hapasamehe. Butembo ni mji wa wafanyabiashara uliokaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kahawa, kakao na mbao hutoka huko. Saruji, vitambaa, vipuri na mazutu yenyewe, yaani dizeli, huingia kupitia Kasindi, mpakani na Uganda. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi Kasindi ni 80. Ni miongoni mwa sehemu ambazo serikali za Kongo na Uganda zilipatana kuzitengeneza, na Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mradi huo mpakani Juni 2021. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Kanyabayonga Juni 2024, kisha Goma Januari 2025, njia ya kusini, ya kwenda Goma, imebadilika kabisa kwa wafanyabiashara wa Butembo, na mzigo umezidi kuegemea Kasindi. Upande wa kaskazini, kuelekea Komanda, magari yamekuwa yakisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi kwa hofu ya waasi wa ADF, na hata msafara wa namna hiyo ulishambuliwa Septemba 2021. Msafara haumngoji shofere anayetoa hewa kwenye filta. Lori linalozima hovyo katika nchi hii huweka maisha ya watu hatarini, na ndiyo maana nataka lichunguzwe likiwa bado uwanjani.

Tuanze na kinachofanyika ndani. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliondoa plagi. Hewa peke yake huingia kwenye silinda, pistoni huibana hadi ibaki sehemu ya kumi na saba hivi ya ujazo wake, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Mafuta yakipulizwa humo hushika moto yenyewe. Lakini kuyapuliza ndani ya hewa iliyobanwa kiasi hicho kunahitaji nguvu kubwa, na nguvu hiyo ndiyo kazi ya pampu ya injekta. Kampuni ya Robert Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na pampu za mstari zilizo kwenye malori mengi ya zamani bado zinafuata muundo uleule: kijipistoni kimoja kwa kila silinda, kikisukumwa na kemu, na nozeli inayokataa kufunguka mpaka mgandamizo ufike karibu bar 200.

Chukua injini ya Mercedes-Benz OM 352, silinda sita, lita 5.7, iliyotoka mwaka 1964 na kufungwa kwenye malori ya aina ya 1113 yaliyosambaa Afrika nzima. Ikiwa inanguruma taratibu bila mzigo, mizunguko 600 kwa dakika, hutumia lita moja na nusu hivi kwa saa. Gawa kiasi hicho kwa idadi ya mapigo, na kila pigo la pampu linatoa takriban milimita 14 za ujazo: chini ya theluthi ya tone la maji. Sasa weka kiputo cha hewa mbele ya kijipistoni. Hewa ya kawaida hubanika zaidi ya mara 10,000 kuliko dizeli. Kijipistoni kinasukuma, kiputo kinasinyaa, mgandamizo haufiki popote karibu na bar 200, nozeli inabaki imefunga. Kijipistoni kikirudi, kiputo kinatanuka na kukaa palepale. Kiputo chenye ukubwa wa pigo moja kinatosha kumeza pigo zima. Silinda moja inakosa moto, kisha ya pili, na injini inazima huku tangi limejaa.

Hewa hiyo inaingilia wapi? Kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta, iliyobanwa ubavuni mwa pampu ya injekta, mafuta hayasukumwi. Yananyonywa. Ndani ya bomba hilo mgandamizo uko chini kuliko wa nje, hivyo penye ufa hewa huingia na mafuta hayatoki. Fundi anayetafuta unyevunyevu kwenye maungio hataona kitu, na atasema bomba ni zima. Hili ndilo kosa linalowapotosha hata watu wenye uzoefu. Upande wa baada ya pampu ndogo mambo hugeuka: huko mafuta yanasukumwa, na penye ufa patalowa.

Usiku ufa uleule unafanya kazi nyingine. Injini imezimwa, tangi liko chini kuliko injini, na mafuta yaliyoning'inia kwenye bomba yanataka kurudi tangini. Hewa ikipata pa kupenya, yanarudi polepole hadi alfajiri. Valvu ndogo za pampu ya kuvuta zilipaswa kuyazuia, lakini zikichakaa au zikishikwa na takataka hazizibi. Asubuhi kinachobaki ni mafuta ya ndani ya filta na ya kwenye mfereji wa pampu ya injekta. Hayo yanatosha kuwasha na kunguruma kidogo. Nyuma yake inakuja hewa yote iliyoingia usiku. Lori lililolazwa kwenye mteremko, kichwa kikitazama juu, hudhihirisha ugonjwa huu haraka zaidi, na Butembo hakuna uhaba wa miteremko.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kinachoyapandisha mafuta kutoka tangini ni uzito wa hewa ya nje, na Butembo uzito huo ni pungufu ya ule wa pwani kwa karibu asilimia 18. Filta ya kwanza iliyoziba nusu inaweza kuvumilika Mombasa na ikagoma Butembo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hakihitaji mashine. Chukua bidoni dogo safi, litie lita tatu au nne za mazutu uliyoyachuja, ulifunge juu ya usawa wa injini, kisha lete mpira kutoka humo moja kwa moja hadi mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo, ukiliacha tangi na bomba lake pembeni. Mpira wa marejeo nao uingize kwenye bidoni hilohilo, maana pampu huzungusha mafuta mengi kuliko yanayochomwa. Toa hewa, washa. Injini ikikaa nusu saa bila kutetereka, umekwisha kuikata njia ya mafuta vipande viwili na kujua kwamba ubaya, karibu kwa hakika, uko tangini au kati yake na pampu ndogo. Ikizima vilevile, songa mbele: filta, valvu ya marejeo, pampu yenyewe. Hilo ni jaribio la kisayansi kamili. Linabadilisha kitu kimoja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo, na matokeo yake hayategemei sifa ya fundi wala sauti ya mwenye lori.

Ukiwa na kipande cha mpira angavu unaoonyesha ndani, kifunge kati ya pampu ndogo na filta. Viputo vitaonekana kwa macho. Halafu funga ungio moja baada ya jingine ukianzia tangini, na utazame ni lipi linalovikomesha.

Kutoa hewa kuna utaratibu wake. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya injekta. Mwisho legeza nati za nozeli mbili tatu, zungusha kwa stata mpaka zitemee mafuta, ukaze. Usiweke kidole mbele ya nozeli iliyo wazi hata mara moja. Kwa bar 200 na zaidi mafuta hupenya ngozi na kuingia mwilini, jeraha likionekana dogo kama la sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono. Aliyepatwa nalo apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu.

Maungio yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa upendo. Mpira uliopasuka aghalabu hufungwa kwa ukanda wa chubu ya gurudumu. Njiani ni msaada wa kweli, lakini mpira wa chubu hunywa mazutu, huvimba na kulainika, na baada ya muda hewa inapita tena. Mpira wa mafuta unaofaa ni ule wa nitrili, usiodhurika na dizeli. Washa za shaba za kwenye maungio nazo hukakamaa kila zinapokazwa, kwa kuwa fuwele za shaba zikibanwa huvurugika ndani na kukataa kuteleza, hivyo hazizibi tena. Zipashe moto hadi ziwe nyekundu, uziache zipoe au uzitumbukize majini, zitarudi laini kama mpya.

Kisha kuna tangi, na hapa hadithi inahusu mahali mafuta yanapotoka. Mazutu mengi ya barabara hii hupita mikononi mwa akina kadhafi, wauzaji wa bidoni na chupa kandokando ya njia, na bila wao magari mengi yasingefika. Lakini kila kumiminwa kwenye chombo kipya ni nafasi ya vumbi na mvua. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, penye mdomo wa kunyonyea. Lori likisimama usiku, maji yanatulia. Likiwashwa, huwaka kwa mafuta yaliyo kwenye filta, kisha huvuta maji. Kwenye mpaka wa maji na mafuta huota pia kuvu, Hormoconis resinae, anayekula mafuta na kupenda joto. Beni, iliyo chini zaidi na yenye joto kuliko Butembo, inamfaa sana. Anaacha utando mweusi unaoteleza, ambao hupanda na kuziba mdomo wa kunyonyea, kisha injini ikizima huanguka tena. Mwenye lori anaona miujiza: anangoja robo saa, linawaka, linazima. Fungua kizibo cha chini cha tangi kabla ya kuwasha asubuhi, ukinge kinachotoka kwenye chupa nyeupe, uangalie.

Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupumulia. Tope likikiziba, tangi linafyonzwa hadi pampu inashindwa kuvuta. Legeza kifuniko: ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na injini ikapona, umemaliza.

Yako mengine ya kupitia haraka. Breki ya eksozi, inayotumika sana kwenye miteremko hii, ikigandia ikiwa imefunga, moshi haupati pa kutokea na injini hukabwa. Kebo ya kuzimia isiyorudi yote hupunguza mafuta. Kwenye malori yenye valvu ya umeme ya kuzimia, waya uliolegea unaweza kupata umeme wakati ufunguo uko kwenye stata na kuukosa ufunguo ukiachiwa. Ipe valvu waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa muda, utajua. Injini za petroli za zamani zina ugonjwa unaofanana nao: koili hupata umeme kamili wakati wa kuwasha, kisha hupitishiwa rezista, na rezista ikikatika injini huzima pale unapoachia ufunguo.

Yote haya yakishapita salama, ndipo pampu ya injekta ishukiwe. Nafasi kati ya kijipistoni chake na kuta zake ni sehemu mbili hadi nne kati ya elfu moja za milimita, nyembamba mara ishirini kuliko unywele. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hayalainishi vizuri na huila nafasi hiyo. Maji huitia kutu. Pampu iliyochoka ina tabia yake: asubuhi huwaka vizuri, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito, na mchana injini ikipata joto mafuta mepesi huvujia pembeni mwa kijipistoni na lori hukataa. Likiwa kinyume, yaani linasumbua alfajiri na kutengemaa mchana, usiiguse pampu. Rudi kwenye mabomba.

Na lori likishatengemaa, lisipakiwe siku hiyohiyo kwa furaha. Lipandishe kilima kuelekea kijiji cha Maboya likiwa na mzigo nusu, maana ufa mdogo hujificha injini inapovuta kidogo. Jioni lilaze kichwa juu mlimani, usiguse pampu ya mkono, na liwashe alfajiri. Likikaa dakika kumi bila kusuasua, linaweza kwenda Kasindi.